Durum au ngano ya mkate? Kisa cha semolina iliyotambuliwa kwa mafuta yake

Kisa hiki kinahusu magunia ya semolina, yaani ile suji ngumu ya manjano inayotengenezewa tambi, yaliyonunuliwa na mama mmoja mwenye karakana ndogo katika Eneo la Viwanda, Nairobi. Kila gunia lilikuwa limeandikwa kwamba ni ngano ya durum tupu, na bei aliyotozwa ilikuwa bei ya durum. Tambi zilizotoka katika shehena hiyo, hata hivyo, zilinata zilipochemshwa, maji ya sufuria yakawa mazito, na rangi yake ilikuwa imefifia kuliko alivyozoea. Alipomlalamikia msambazaji, alijibiwa kwamba kasoro iko kwenye mashine yake ya kukaushia. Na ili kuumaliza ubishi, akaletewa bahasha ya punje nzima ambazo msambazaji alisema ndizo zilizosagwa, pamoja na jina la mbegu ya durum inayolimwa ng'ambo. Mama huyo alifika maabara na vitu vyote viwili. "Daktari," alisema, "naomba unijibu mambo mawili tu: hii ni durum kweli, na je, ni ile mbegu waliyonitajia?"

Maswali hayo mawili yanafanana kwa sikio, lakini kwa mtu anayepima mafuta ya nafaka yako mbali sana. La kwanza linauliza kuhusu spishi, la pili kuhusu aina ya mbegu ndani ya spishi moja. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu mafuta yalilijibu swali la kwanza kwa uthabiti ambao hata wasagaji wazoefu hawautarajii, lakini kwa swali la pili hayakuwa na la kusema, na mtu asiyeitambua tofauti hiyo anaweza kuandika ripoti ya maabara yenye tarakimu safi na hitimisho la uongo.

Ngano haihesabiwi miongoni mwa mazao ya mafuta, na ni haki. Mafuta yake yote ni kama asilimia 2 hadi 3 ya uzito wa punje. Kiinitete, ambacho ni sehemu ndogo sana ya punje, ndicho chenye mafuta mengi, karibu asilimia 10 ya uzito wake. Mengine yamo katika tabaka za pumba, na machache yametapakaa ndani ya wanga. Lakini katika uchache huo mna makundi mengi: trigliseridi, ambazo ndizo mafuta ya kawaida ya akiba, mafuta yenye fosforasi na yale yenye sukari, ambayo waokaji huyathamini kwa kazi yake katika kinyunga cha mkate, karotenoidi zinazoipa durum umanjano wake, vitamini E, steroli (jamaa za kolesteroli katika mimea) na esta zake, yaani steroli iliyounganishwa na asidi ya mafuta, na katika ganda, kundi liitwalo alkilresosinoli. Kila kundi lina habari yake. Kazi ya mchambuzi ni kujua ni kundi gani lenye habari anayoitafuta.

Msaidizi wetu alianza na jambo ambalo maabara nyingi zingeanza nalo, kwa kuwa ndilo rahisi: kupima asidi za mafuta kwa kromatografia ya gesi. Mafuta hutolewa kwa kiyeyushi kiitwacho heksani, hugeuzwa kuwa esta nyepesi za methili, kisha mashine huzitenga na kuchora kilele kimoja kwa kila asidi. Picha iliyotoka ilikuwa ile ile ambayo ngano hutoa popote duniani. Asidi ya linoleiki ilizidi nusu ya jumla. Palmitiki ilifuata, ikikaribia sehemu moja kwa tano. Kisha oleiki, halafu linoleniki kwa asilimia chache, na steariki kidogo sana mwishoni. Ukiweka karatasi ya durum juu ya karatasi ya ngano ya mkate na kuziinua kwenye mwanga wa dirisha, vilele vinakaribia kulingana.

Tulikuwa na kishawishi cha kuzichukua tofauti ndogo zilizoonekana, asilimia moja hapa na moja na nusu pale, na kuzisoma kana kwamba ni alama ya mbegu. Hapo ndipo pa kusimama imara. Mgawanyo wa asidi za mafuta katika punje huathiriwa na baridi au joto la wakati punje inapojaa, kwa kuwa mmea uliojazia punje zake kwenye baridi huelekea kutengeneza asidi zenye bondi maradufu nyingi zaidi. Mbegu moja, tuseme Kenya Robin, ikipandwa Timau kwenye miteremko ya Mlima Kenya na nyingine ya gunia lile lile ikapandwa nyanda za Narok, haina sababu ya kurudi na mafuta yaliyolingana kabisa. Kinu nacho kina sehemu yake: kikiacha chembe za kiinitete zipite kwenye chekeche, semolina hupata mafuta ya kiinitete ambayo si ya sehemu ya ndani ya punje. Halafu kuna ghala. Vimeng'enya vya ngano iliyosagwa huzivunja trigliseridi polepole na kuiozesha kwanza asidi ya linoleiki, hivi kwamba semolina iliyokaa miezi kadhaa kwenye joto huonekana kama imetokana na ngano nyingine.

Je, ina maana kwamba asidi za mafuta haziwezi kamwe kutofautisha mbegu? La. Ukipanda mbegu kadhaa bega kwa bega katika shamba moja la majaribio, kama yale ya kituo cha utafiti wa ngano kilichoko Njoro, ukarudia vipande vya kila mbegu, ukavuna msimu mmoja, ukasaga kwa kinu kimoja na kupima wiki hiyo hiyo, tofauti inayobaki unaweza kuihesabu kuwa ya mbegu. Watafiti wanaozalisha mbegu mpya hufanya hivyo na hupata taarifa za maana. Gunia lililotoka bandarini, likapitia ghala mbili na kinu kisichojulikana, halina hata moja ya masharti hayo.

Kwa hiyo tuliyaweka matokeo ya asidi za mafuta kando, yaingie kwenye ripoti kama maelezo ya sampuli na si kama ushahidi, tukageukia kundi la steroli.

Hapa inafaa kueleza msingi, maana bila huo jibu lililofuata lingeonekana kama kubahatisha. Ngano ya mkate ina kromosomu 42, katika jenomu tatu, yaani seti tatu za kromosomu, zinazoitwa A, B na D. Durum ina 28, za jenomu A na B peke yake. Jenomu D iliingia katika ngano kiasi cha miaka elfu nane hadi kumi iliyopita, pale ngano iliyolimwa ilipochanganyika na nyasi ya mwituni, Aegilops tauschii, katika maeneo ya karibu na Bahari ya Kaspi. Chochote kinachotengenezwa kwa amri ya jenomu D, basi, kinapatikana katika ngano ya mkate na kinakosekana katika durum. Mojawapo ya vitu hivyo ni uwezo wa kuiunganisha sitosteroli, ambayo ndiyo steroli kuu ya ngano, na asidi ya palmitiki. Jeni inayotawala kazi hiyo iko kwenye kromosomu 7D na imepewa jina Pln. Ngano ya mkate yenye jeni hiyo huwa na esta mbili mashuhuri, palmitati ya sitosteroli na linoleati ya sitosteroli. Durum huwa na ile ya linoleati, na ya palmitati hubaki kidogo mno.

Ujuzi huu si wa jana. Mwaka 1952 Matveef, akitafuta njia ya kukamata ngano ya mkate iliyofichwa ndani ya tambi, alitumia fuwele zinazojitenga katika mafuta ya ngano ya mkate yakiwekwa kwenye asetoni, ambazo mafuta ya durum hayazitoi. Mwaka 1964 Gilles na Youngs walizichambua esta za sitosteroli za semolina, na mwaka 1968 García-Olmedo akachapisha maelezo ya urithi wake katika ngano na jamaa zake. Italia, ambako sheria ya mwaka 1967 ilitaka tambi kavu zitengenezwe kwa durum, ilikuwa na kila sababu ya kuhitaji kipimo cha namna hii. Mimi huona ni jambo la kustaajabisha kwamba swali la biashara ya tambi ndilo lililofungua njia ya kuijua jeni iliyokaa kimya ndani ya punje kwa maelfu ya miaka.

Sasa tuje kwenye sampuli yenyewe. Magunia yalikuwa bado yamefungwa, na hilo lilisaidia sana, kwa kuwa semolina ilipimwa kabla ya kugusa mashine ya kukaushia ambayo msambazaji aliilaumu. Tulichomoa kwa bambo kutoka juu, katikati na chini ya magunia kadhaa, tukachanganya, tukagawa sehemu tatu na kuzitia lakiri: moja ya maabara, moja ya mteja, moja ya kuhifadhiwa iwapo msambazaji angetaka kupima upya. Kando yake tulisaga wenyewe durum inayojulikana asili yake na ngano ya mkate iliyotoka Narok, kisha tukatengeneza michanganyiko ya kulinganishia: isiyo na ngano ya mkate kabisa, yenye asilimia 5, 10, 20 na 50. Mtu asipoiandaa michanganyiko yake mwenyewe katika kazi hii, atabaki na doa asilojua ukubwa wake unamaanisha nini.

Mafuta yalitengwa kwenye kioo kilichopakwa tabaka jembamba la silika iliyolowekwa nitrati ya fedha. Fedha hushikana na bondi maradufu. Asidi ya linoleiki inazo mbili na ya palmitiki haina hata moja. Basi kimiminika kinapopanda kwenye kioo, linoleati hushikwa na kubaki nyuma, nayo palmitati hupanda mbele yake. Kioo kilipokauka kilinyunyiziwa asidi ya salfuriki iliyozimuliwa na kupashwa moto juu ya bamba. Kwa dakika chache hakikuwa na kitu. Kisha madoa ya zambarau iliyokolea wekundu yakaanza kujitokeza, kwanza yale ya linoleati, katika njia zote kwa usawa, kisha yale ya juu. Njia ya durum tupu ilikuwa na kivuli hafifu tu mahali pa palmitati. Njia ya semolina ya mteja ilikuwa na doa kamili, lenye kingo, lililokolea kuliko la mchanganyiko wa asilimia 20 na kufifia kuliko la asilimia 50. Tulirudia kwa sehemu nyingine ya sampuli na kwenye kioo kingine, na mpangilio haukubadilika.

Msaidizi aliuliza swali zuri, na nililifurahia. Nchini Kenya unga wa ngano wa kufungashwa huongezwa virutubisho kwa lazima tangu mwaka 2012, na vitamini A inayotiwa humo huwa katika umbo la palmitati ya retinoli. Je, doa tunaloliona si la vitamini hiyo? Hapana, kwa sababu mbili. Vitamini A hutiwa kwa kiasi kidogo mno, ambacho hakiwezi kuchora doa la ukubwa ule kando ya steroli ambazo ni nyingi kuliko hiyo mara nyingi sana. Na molekuli ya retinoli yenyewe ina bondi maradufu tano, kwa hiyo fedha ya kioo ingeivuta nyuma kabisa, isifike mahali pa palmitati ya sitosteroli. Nililiingiza swali hilo na jibu lake kwenye ripoti, maana wakili yeyote mwangalifu wa upande wa pili angeliuliza.

Je, tuandike basi kwamba semolina ina ngano ya mkate asilimia 30? Mteja alitamani tarakimu, na ninamwelewa, kwa sababu tarakimu ndiyo inayoingia kwenye hesabu ya fidia. Lakini kiasi cha palmitati ya sitosteroli hakilingani katika mbegu zote za ngano ya mkate. Mchanganyiko wetu wa kulinganishia ulitengenezwa kwa ngano ya Narok. Iliyotiwa kwenye magunia huenda ilikuwa na palmitati nyingi zaidi au pungufu. Tuliandika kwamba ngano ya mkate imo kwa kiasi kikubwa, kisichoweza kuelezwa na vumbi lililosalia kinuni kutoka kwa shehena iliyotangulia. Kwa kulinganisha, kanuni za Italia huvumilia hadi asilimia 3 ya ngano ya mkate kwa ajili ya uchafuzi wa bahati mbaya wa namna hiyo, na doa letu lilikuwa mbali sana juu ya lile la asilimia 5.

Kuna upande mwingine wa kipimo hiki ambao ni lazima usemwe wazi. Zipo mbegu za ngano ya mkate ambazo, ijapokuwa zina jenomu D, hazitengenezi palmitati ya kutosha, na zikichanganywa na durum kioo hakitazifichua. Doa likionekana, tunahukumu. Likikosekana, hatuwezi kumtakasa mtu kwa sababu hiyo peke yake. Bahati ya kisa hiki ni kwamba doa lilikuwepo.

Zilibaki punje za bahasha. Kwa macho zilikuwa durum safi: ndefu, ngumu, zenye rangi ya kaharabu na zinazopitisha mwanga. Kwa kuwa zilikuwa nzima, tuliweza kutumia alkilresosinoli, ambazo hukaa katika tabaka za ganda na kwa hiyo huwa chache sana katika semolina iliyosagwa vizuri. Molekuli hizi hutofautiana kwa urefu wa mkia wake wa kaboni, na uwiano wa zile zenye mkia wa kaboni 17 kwa zile zenye mkia wa kaboni 21 ni alama nzuri ya spishi: huwa karibu na 1 katika rai, nafaka ya Ulaya iliyo jamaa ya ngano, karibu na 0.1 katika ngano ya mkate, na karibu na 0.01 katika durum. Punje za bahasha zilikuwa upande wa durum bila ubishi, na mafuta yake hayakuwa na doa la palmitati.

Kwa hiyo msambazaji alikuwa ameleta durum halisi kuthibitisha gunia ambalo halikuwa durum tupu. Mteja aliposikia hayo aliuliza kama hiyo si sawa na kukubali kosa. Sivyo. Inawezekana punje zilitoka kwa mzigo halisi na mchanganyo ukafanyika kinuni au ghalani bila msambazaji kujua. Maabara haioni nia ya mtu. Inachokiona ni kwamba semolina ile haikusagwa kutokana na punje kama zile peke yake, na hilo tuliliandika kwa sentensi moja isiyo na lawama.

Kabla ya kutia sahihi tulituma sehemu ya semolina kwa upimaji wa DNA, kutafuta jeni ya puroindolini, inayokaa kwenye kromosomu 5D na ambayo durum haina. Ilipatikana. Sikuituma kwa kuwa nilikuwa na mashaka na kioo, bali kwa sababu njia mbili zinazotegemea kromosomu tofauti, moja ikisoma mafuta na nyingine ikisoma DNA, zikitoa jibu moja, ni vigumu sana kuziangusha. Faida ya mafuta ni kwamba kioo, silika na saa chache zinatosha, na kwamba esta za steroli hustahimili joto la kukaushia tambi ambalo huharibu protini zinazotumiwa katika vipimo vingine. Maabara nyingi za jijini, hata za vyuo, zinaweza kuifanya kazi hii bila mashine ya bei kubwa.

Swali la pili la mteja, lile la jina la mbegu, tulilijibu kwa kukataa. Punje za bahasha ni durum, lakini hakuna chochote katika mafuta yake kinachoweza kumwambia mtu kwamba ni mbegu ile iliyotajwa na si nyingine ya durum. Anayetaka jina la mbegu hana budi kupitia mpangilio wa protini za gliadini au alama za DNA, akilinganisha na mbegu halisi iliyothibitishwa. Au apande na kutazama umbo la suke na mmea, kama inavyofanywa na KEPHIS, taasisi ya Kenya ya ukaguzi wa afya ya mimea, inapokagua mbegu mpya kabla ya kusajiliwa. Mama huyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani jina la mbegu lina faida gani kwangu, Daktari, ikiwa ni durum na tambi hazinati?" Kwa biashara yake halikuwa na faida kubwa. Kilichomfaa ni spishi, kiasi cha protini na umanjano, na vyote vitatu vinapimika.

Tahadhari moja zaidi tuliiweka kwenye ripoti kwa ajili ya haki. Tambi kunata hakuthibitishi kwamba ngano ya mkate imo, kwa sababu durum yenye protini chache nayo hunata, na ukaushaji mbaya huongeza tatizo. Ushahidi wa mchanganyo ulikuwa doa na jeni. Malalamiko ya jikoni yalikuwa sababu ya kupima, si sehemu ya matokeo.

Kwa ripoti hiyo mteja alikuwa na msingi wa kudai chini ya Sura ya 254 ya sheria za Kenya, inayokataza chakula kuuzwa kwa maelezo ya kupotosha, lakini alichagua kwanza kurudi kwa msambazaji na sampuli yenye lakiri. Walikubaliana magunia yarudishwe na mkataba uandikwe upya. Jina la mbegu liliondolewa. Mahali pake pakawekwa masharti matatu: kila shehena ichomolewe kwa bambo mbele ya pande zote mbili na sampuli moja ibaki na lakiri hadi tambi ziuzwe, kioo cha esta za steroli kisionyeshe palmitati iliyozidi ile ya mchanganyiko wa asilimia 5, na kioo kikiwa safi, bado shehena ya kwanza ya kila msimu ipimwe jeni ya puroindolini, kwa ajili ya zile mbegu ambazo mafuta yake hayasemi.